Kutundika Shandelia Ndogo Nyumbani: Anza na Ungo, Dukani Utaenda Baadaye

Picha ninazotumiwa zinafanana mno. Taa nzuri ya bei imetundikwa sebuleni, na baba mwenye nyumba anapita chini yake ameinamisha kichwa. Nyingine imebana dari kama popo, haionekani hata imenunuliwa ya nini. Na kuna ile inayouma kuliko zote: tundu kwenye jipsamu, vioo sakafuni.

Mara nyingi taa yenyewe haina kosa. Mtu alitoka Kariakoo na boksi mkononi kabla hajajua dari lake limeshikwa na nini. Ndiyo maana katika mwongozo huu dukani tunafika hatua ya tatu.

Wazee wa Pwani huiita thurea, madukani ni shandelia. Nazungumzia ile ndogo: upana wa sentimita 30 hadi 60, uzito wa kilo 2 hadi 6, balbu tatu hadi sita. Zile za ukumbi wa harusi zina mafundi wake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Futi ya kupimia, penseli na kamba ya katani au manila, mita tatu.
- Ungo wa kawaida wa jikoni. Kazi yake utaiona.
- Ndoo ya lita 20 yenye mkono imara; mbili kama taa itazidi kilo 5.
- Ngazi ya kusimama yenyewe, yenye miguu minne. Ngazi ya kuegemeza ukutani haifai kazi ya katikati ya chumba.
- Drili, na biti ya zege au ya mbao kulingana na dari lako.
- Hoku ya chuma yenye nyuzi, au bolti ya kutanuka yenye jicho kama dari ni zege.
- Testa, na ikiwezekana mita ya umeme. Testa ya taa ndogo hudanganya mara nyingine.
- Bisibisi, plaizi mbili, konekta za nyaya, tepu ya umeme.
- Glavu za pamba, kwa ajili ya vioo.
- Mtu wa pili. Huyu si wa hiari.

Kuhusu umeme niseme mapema: kama hujawahi kuunganisha taa, mwachie nyaya fundi mwenye leseni ya EWURA. Lakini usimwachie vipimo wala usimwachie hoku. Nyumba ni yako, na fundi akishalipwa anaondoka.

## Hatua ya 1: Pima chumba, kisha tundika ungo

Pima urefu na upana wa chumba kwa mita, jumlisha, kisha zidisha kwa 8. Jibu ni upana wa taa kwa sentimita. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 kinakupa 6.5, ukizidisha kwa 8 ni 52. Taa ya sentimita 45 hadi 55 itakaa vizuri. Ya 80 itakifanya chumba kionekane kama stoo ya duka la taa.

Juu ya meza ya chakula hesabu hubadilika, kwa sababu hapo taa inafuata meza, haifuati chumba. Chukua nusu ya upana wa meza hadi theluthi mbili zake. Meza ya sentimita 90 inataka taa ya 45 hadi 60.

Sasa urefu wa kushuka, na hapa ndipo wengi huanguka.

Mahali watu wanapopita, ncha ya chini kabisa ya taa iwe mita 2.1 kutoka sakafuni, au juu zaidi. Dari likiwa mita 2.7, maana yake taa pamoja na mnyororo na kofia yake (kile kikombe kinachofunika nyaya darini) visizidi sentimita 60. Ni nafasi finyu, kwa hiyo ikumbuke ukiwa dukani.

Juu ya meza hakuna anayepita, kwa hiyo ishushe. Acha sentimita 75 hadi 85 kati ya meza na taa. Meza nyingi zina kimo cha sentimita 75, hivyo chini ya taa kutakuwa kama mita 1.5 hadi 1.6 kutoka sakafuni. Utaona ni chini mno siku ya kwanza. Kaa, kula, halafu uniambie. Taa ya meza ikipandishwa juu sana haiwi ya meza tena, inakuwa ya dari.

Namba hizi hazitoshi mpaka uzione kwa macho, na hapo ndipo ungo unapoingia. Ungo mdogo una upana wa sentimita 40 na kitu, karibu sawa na shandelia unayoitaka. Ufunge kamba tatu, zikutane kwenye kamba moja juu, uutundike kwa msumari mdogo au kwa hoku ya feni kwa kimo ulichokipiga hesabu. Uache siku mbili.

Katika siku hizo mbili utajua yote. Mlango wa kabati unaugonga? Mtoto wa kiume aliyerefuka ghafla anaugonga? Ukikaa kwenye kochi, unakata televisheni katikati? Wageni wataucheka, waache wacheke. Kuhamisha ungo ni bure, kuhamisha shandelia ni dari jipya.

Umefaulu kama: siku ya pili umesahau kwamba ungo upo.

## Pangaboi na chandarua

Vitu hivi viwili huwa naona vimesahaulika katika ushauri unaotoka nchi za baridi.

Pangaboi kwanza. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina feni katikati ya dari, na Januari bila feni ni adhabu. Usiweke taa juu ya usawa wa mapanga. Mapanga yatakata mwanga na chumba kizima kitakuwa kinapepesa, kichwa kitakuuma bila kujua sababu. Weka taa umbali wa mita moja au zaidi kutoka ncha za mapanga, na chini ya usawa wake. Hata hapo vioo vitalialia kidogo upepo ukivifikia. Binafsi naacha feni katikati, shandelia naihamishia juu ya meza au kwenye kona ya kusomea. Chumba hakikulazimishi taa ikae katikati.

Chandarua sasa. Chandarua cha mviringo hutundikwa pale pale ambapo watu wanataka taa ya chumbani. Kitambaa chake kisiguse balbu kabisa, hata balbu ya LED, maana nayo ina joto shingoni. Chumbani sogeza taa kuelekea miguuni mwa kitanda. Kumbuka pia kwamba kuna siku utasimama juu ya kitanda kufunga hicho chandarua, na kichwa chako kitakuwa karibu na dari.

## Hatua ya 2: Jua dari limeshikwa na nini

Hatua hii ndiyo iliyonifanya niandike. Shandelia yangu ya kwanza ilifungwa na fundi aliyeniambia, "Hiyo haina shida, bosi." Aliifunga kwa skrubu nne kwenye jipsamu tupu. Ilikaa miezi miwili. Ikashuka saa nane usiku, na nilidhani tumevamiwa.

Jipsamu ni jasi, laini kama chaki, kati ya karatasi mbili. Imewekwa kuziba, haikuwekwa kubeba. Leo itaishika taa ya kilo nne, lakini kila feni ikizunguka na kila mlango ukigongwa, tundu la skrubu linapanuka kidogo kidogo.

Kama juu kuna zege. Gonga. Sauti nzito, butu, ndiyo zege. Toboa kwa drili ya kupiga, safisha vumbi lote ndani ya tundu, kisha ingiza bolti ya chuma ya kutanuka yenye jicho. Fisha ya plastiki (kile kibomba cha kushikia skrubu) inayovutwa kwenda chini mchana na usiku siiamini kwa kitu kinachoning'inia juu ya vichwa vya watu. Usitoboe kwenye mstari unaotoka kwenye taa ya zamani kuelekea swichi, kwa sababu bomba la nyaya mara nyingi limepita humo.

Kama juu kuna hoku ya feni. Una bahati. Hoku iliyofungwa vizuri kwa ajili ya pangaboi inabeba shandelia ndogo bila jasho. Angalia tu kutu, hasa nyumba za karibu na bahari.

Ila ukitumia nafasi ya feni, usitumie regyuleta yake ya ukutani. Regyuleta ile imetengenezwa kwa ajili ya mota. LED zitapepesa, zitalia kama nzi, kisha zitakufa. Badilisha iwekwe swichi ya kawaida.

Kama ni jipsamu, PVC au plaiwudi. Lazima mtu apande darini. Apande asubuhi mapema, kwa sababu saa saba mchana chini ya bati ni tanuri. Akanyage mbao za kenchi tu, kamwe asikanyage dari. Alaze ubao wa inchi 2 kwa 4 juu ya pale taa itakapokuwa, ufungwe kwa skrubu ndefu kwenye mbao mbili za kenchi, upande huu na upande ule. Toboa tundu jembamba kwanza ili ubao usipasuke, kisha zungusha hoku kutoka chini ipite kwenye jipsamu na kuzama ndani ya ubao hadi nyuzi zote zipotee.

Zile fisha za kipepeo zinazofunguka nyuma ya jipsamu zipo, na kwa taa nyepesi ya waya mmoja na kivuli cha ukili zinafaa. Kwa shandelia, hapana.

Jaribio la ndoo. Kabla ya kugusa taa, funga ndoo kwenye hoku kwa kamba, kitako chake kikiwa kidole kimoja juu ya sakafu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Jaza mara nne ya uzito wa taa unayokusudia: taa ya kilo 4, maji lita 16. Acha usiku kucha.

Umefaulu kama: asubuhi ndoo bado haijagusa sakafu, na hakuna ufa uliozunguka hoku. Ikigusa, umepoteza maji tu.

## Hatua ya 3: Sasa nenda dukani

Nenda na karatasi yenye namba tatu: upana, urefu wa mwisho pamoja na mnyororo, na uzito ambao ndoo imekuthibitishia, yaani robo ya maji yale.

Omba taa ipimwe kwenye mzani. Boksi haliandiki ukweli siku zote.

Angalia matako ya balbu. Shandelia nyingi ndogo hutumia E14, skrubu nyembamba, wakati balbu zinazopatikana kila duka la mtaani ni za E27 au za pini, B22. Ukichukua ya E14, nunua balbu mbili za akiba siku hiyo hiyo.

Ziepuke taa ambazo LED zimegandishwa ndani, hasa kama hakuna dukani draiva (kifaa kinachozipa LED umeme unaozifaa) ya kubadilishia. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kinachoungua kwanza ni draiva, na taa nzima inabaki pambo. Nyingi za hizo ndizo zile za rangi tatu, ambazo ukizima na kuwasha zinageuka kutoka njano kwenda nyeupe. Zinavutia dukani. Nyumbani mtoto anachezea swichi na wageni wanakula wali chini ya mwanga wa chumba cha upasuaji.

Vioo: shika kipande kimoja. Kioo halisi ni cha baridi na kizito kiganjani. Plastiki ni nyepesi, ina joto la mkono upesi, na baada ya miaka hugeuka njano. Plastiki si dhambi, kwenye dari dhaifu ndiyo chaguo la busara. Ilipiwe tu bei ya plastiki.

Kwa wa Pwani, sumaku mfukoni husaidia. Ikinasa kwa nguvu, chini ya ile dhahabu kuna chuma cha kawaida, na hewa ya chumvi itakipata.

## Hatua ya 4: Iunge sakafuni

Tandika shuka. Unga matawi, kaza kila nati, lakini vioo visiingie bado. Taa bila vioo ni nyepesi kuinua na haina cha kuvunjika.

Fupisha mnyororo sasa. Shika pete kwa plaizi mbili, ipindue pembeni kama unayefungua ukurasa. Ukiivuta kuifungua hivi na hivi, haitarudi kufunga sawasawa. Waya wa umeme upite ukizungukazunguka ndani ya mnyororo, ukiwa umelegea. Uzito ubebwe na mnyororo. Waya uliokazwa kama kamba ya gitaa ni waya unaojiandaa kuchomoka.

## Hatua ya 5: Kata umeme

Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Zima breka ya taa, au meni swichi kama breka hazina majina. Na kama nyumba ina inveta, sola au jenereta, zima navyo. Kuna watu wamekata LUKU yote kisha wakapigwa na betri.

Jaribu testa kwenye soketi yenye umeme kwanza, uhakikishe ni nzima. Kisha kata umeme, jaribu kila waya wa darini, mmoja baada ya mwingine. Mtu wa pili asimame karibu na breka. Kibandiko cha "usiwashe" ni kizuri, lakini mtu anayesema "usiwashe" ni bora zaidi.

## Hatua ya 6: Inua, ning'iniza, unganisha

Mmoja ashike taa, mwingine awe kwenye ngazi. Ning'iniza mnyororo kwenye hoku kabla ya kugusa waya wowote. Ukishaona hoku imebeba, mikono yako miwili iko huru.

Nyumba za zamani zina waya mwekundu kwa moto na mweusi kwa nyutro. Nyaya za sasa ni kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro. Waya wenye mistari ya kijani na njano ni ethi. Mwekundu au kahawia wa nyumba uende kwa kahawia wa taa, mweusi au bluu uende kwa bluu, ethi kwa ethi. Lakini rangi ni ahadi ya fundi aliyepita, na si kila fundi hutimiza ahadi. Thibitisha kwa kipimo.

Ethi ina neno lake. Taa ya chuma lazima iwe na ethi, kwa sababu waya mmoja ukichubuka ndani ya tawi, taa nzima inakuwa na moto na wewe unaifuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Nyumba nyingi hazikupitishiwa ethi kwenye taa. Ukiikosa darini, simama hapo, mwite fundi aivute, au rudisha taa uchukue isiyo ya chuma yenye alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, yaani haihitaji ethi.

Kaza konekta, vuta kila waya kidogo uone kama umeshika, sukuma viungo ndani ya kofia, pandisha kofia hadi dari.

Umefaulu kama: ukiwasha, inawaka papo hapo bila kulia, na ukizima inazima kabisa. Ikibaki na mwanga hafifu kama kimulimuli, huenda swichi inakata nyutro badala ya moto. Hilo si la kuvumilia: kama ni hivyo, hata "ikiwa imezimwa" taa ina moto. Fundi alirekebishe.

Baada ya hapo, zima tena, vaa glavu, tundika vioo kimoja kimoja kuanzia ndani kwenda nje. Alama ya kidole kwenye kioo haionekani mchana. Usiku inaonekana toka mlangoni.

## Hatua ya 7: Balbu zenye tabia njema

Boksi la balbu lina namba yenye herufi K. Chukua 2700K hadi 3000K, mwanga wa njano kidogo. Ile 6500K ni nyeupe ya bluu, inaua dhahabu, inafanya ngozi ya mtu ionekane mgonjwa, na wakati wa mvua inavuta kumbikumbi zaidi. Zote ziwe namba moja. Balbu moja nyeupe kati ya nne za njano inaonekana kama jino la bandia.

Nguvu: balbu ya LED ya wati 5 hutoa mwanga wa kama lumeni 470, sawa na ile ya zamani ya wati 40. Tano zinatosha sebule ya mita 3.5 kwa 4. Zikiwashwa kwa muda wa saa 5 kila siku zitakula kama uniti 3.75 kwa mwezi. Tano za zamani za wati 40 zingekula 30.

Ukitaka dima (swichi ya kupunguza mwanga), balbu ziwe zimeandikwa kuwa zinakubali dima, na dima yenyewe iwe ya LED.

## Hatua ya 8: Chumba kiipokee

Shandelia peke yake hutupa kivuli cha matawi darini na giza kwenye kona. Weka taa moja ya mezani au ya ukutani upande wa pili wa chumba, yenye mwanga wa K ile ile.

Kioo cha ukutani kinachotazamana nayo kinaifanya moja kuwa mbili. Ila kiti cha mgeni kisitazame kioo hicho moja kwa moja, atakula akikunja macho.

Dari jeupe, ukuta wa rangi tulivu. Kama jipsamu yako ina maua, ngazi tatu na taa za bluu pembeni, shandelia itagombana navyo na itashindwa. Zima zile za bluu.

Kwenye korido nyembamba weka ya sentimita 30, hata kama hesabu inakuruhusu zaidi. Bafuni usiweke kabisa, maji na matawi ya chuma havipatani.

## Baada ya wiki moja, kisha kila miezi mitatu

Wiki ya kwanza ikiisha, zima breka, panda ngazi, jaribu hoku kwa mkono. Mbao hujilegeza kidogo mwanzoni, na robo ya mzunguko inatosha kuirudisha.

Usafi: zima, acha balbu zipoe, futa kila kioo kwa glavu moja yenye unyevu wa siki iliyochanganywa na maji, kisha kwa glavu kavu. Usipulizie dawa ya vioo kwenye taa iliyotundikwa, itaingia kwenye holda.

Vipande vya akiba vilivyokuja na boksi vitie kwenye bahasha pamoja na karatasi ya vipimo vyako, uibandike ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Siku kipande kikivunjika hutakumbuka kilikuwa cha umbo gani, na dukani toleo lile litakuwa limeshaisha.